Kisiwa cha Padre: Ufukwe wa Kambi Usiowekewa Nafasi

Katika hifadhi nyingi za taifa nchini Marekani, mtu anayetaka kulala hemani kando ya bahari hana budi kuweka nafasi kwenye mtandao, aghalabu miezi 6 kabla ya safari yenyewe, na katika maeneo yenye sifa kubwa nafasi za mwisho wa juma humalizika muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Hifadhi ya Pwani ya Taifa ya Kisiwa cha Padre, iliyoko kusini mwa jimbo la Texas karibu na mji wa Corpus Christi, ni miongoni mwa chache ambazo hazijaingia katika utaratibu huo. Anayefika hulipa kiingilio langoni, hujaza kibali cha kupiga kambi mahali ufukwe unapoanzia, kisha huchagua mwenyewe pa kusimika hema lake kati ya matuta ya mchanga na maji ya Ghuba ya Mexico. Hakuna namba ya kiwanja, hakuna umeme, hakuna bomba la maji, na kwa sehemu kubwa ya ufukwe huo hakuna hata choo. Wapo wanaouona ukosefu huo kuwa upungufu unaosubiri kurekebishwa, lakini ukitazamwa pamoja na historia ya kisiwa, sheria za Texas na maisha ya viumbe wa pale, unaonekana kuwa ndio unaouwezesha umma kuendelea kuimiliki pwani hiyo.

Padre ni kisiwa-kinga, yaani ukanda mwembamba wa mchanga uliojengwa na mawimbi na upepo sambamba na pwani ya bara, nao huikinga pwani hiyo dhidi ya nguvu ya bahari kuu. Urefu wake unakaribia kilometa 180, na huhesabiwa kuwa kisiwa kirefu kuliko vyote vya aina yake duniani. Nyuma yake, upande wa bara, kuna Laguna Madre, ghuba nyembamba yenye kina kifupi ambayo maji yake huzidi ya bahari kwa chumvi, kwa sababu mvua ni haba, jua ni kali, na milango ya kuingizia maji mapya ni michache. Ncha ya kaskazini ya kisiwa ina nyumba na maduka, na ncha ya kusini, ng'ambo ya mfereji wa Mansfield uliochimbwa katikati ya karne iliyopita ili kupitisha vyombo, ina mji wa kitalii wenye hoteli za ghorofa nyingi. Kati ya ncha hizo mbili ndipo ilipo hifadhi, yenye takriban kilometa 110 za pwani isiyojengwa. Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kuianzisha tarehe 28 Septemba 1962, na mwaka 1968 Lady Bird Johnson, mke wa rais aliyemfuata, aliizindua rasmi.

Jina la kisiwa latokana na padri José Nicolás Ballí, aliyeanzisha ranchi ya ng'ombe hapo mwanzoni mwa karne ya 19, wakati eneo lote lilipokuwa chini ya Hispania. Kabla yake kisiwa kilitembelewa kwa misimu na Wakarankawa na jamii nyingine za wenyeji, waliokuja kuvua na kuokota chaza, wakaondoka bila kuacha majengo. Ufugaji uliendelea chini ya wamiliki mbalimbali hata baada ya hifadhi kuanzishwa, na ng'ombe wa mwisho waliondolewa mwaka 1971. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa sababu wageni wengi huitazama nyika ya kisiwa hicho wakidhani haijawahi kuguswa, ilhali nyasi zinazoyashika matuta leo zimerudi baada ya zaidi ya karne moja na nusu ya kukanyagwa na kuliwa.

Uhuru wa mpiga kambi una pia msingi wa kisheria. Mwaka 1959 bunge la Texas lilipitisha Sheria ya Fukwe Wazi, inayolinda haki ya umma ya kuingia na kupita bila kizuizi kwenye fukwe zinazopakana na Ghuba, kutoka mstari wa maji kupwa hadi pale majani yanapoanza kuota, na mwaka 2009 wapigakura wa jimbo waliidhinisha kanuni hiyo iingizwe katika katiba ya jimbo. Mahakama zimewahi kuupunguza upana wake katika kesi mbalimbali, lakini desturi iliyozaa sheria hiyo ni ya zamani zaidi, kwa kuwa kabla ya barabara za lami ufukwe wenyewe ndio uliokuwa barabara kuu ya pwani ya Texas. Hadi leo, ndani ya hifadhi, ufukwe unahesabiwa kuwa njia ya umma, na gari linalopita juu yake sharti liwe na usajili na namba zake kama gari lolote la mjini.

Mpangilio wa kambi wenyewe ni mwepesi kueleweka. Karibu na kituo cha wageni kuna Malaquite, uwanja mdogo wa kambi ulio juu ya ufukwe, wenye sehemu za lami za kuegesha, vyoo na maji baridi ya kujimwagia, ambao hulipiwa ada ndogo na ambao nao hutolewa kwa anayewahi. Baada ya hapo lami hukatika, na mchanga wa Ufukwe wa Kusini huanza, ukienda maili 60, sawa na kilometa 96 hivi, hadi kwenye mfereji wa Mansfield, bila barabara nyingine ya kutokea. Vibao vya maili vimesimikwa kila baada ya maili 5. Hadi kibao cha kwanza gari dogo la kawaida aghalabu hupita, kwa sababu mchanga wa sehemu hiyo umeshikana. Kuanzia hapo hutakiwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kukaa kunaruhusiwa hadi siku 14 mfululizo. Hema husimikwa ufukweni tu, kamwe si juu ya matuta wala kwenye nyasi zilizo nyuma yake, na moto huwashwa ufukweni vivyo hivyo.

Swali la haki linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana kanuni ya anayewahi haina usawa kamili. Inampendelea anayeishi karibu, aliyestaafu, au anayeweza kuondoka kazini Alhamisi, na humwadhibu mzazi anayesafiri siku nzima na watoto kisha akafika na kukuta pamejaa. Kuweka nafasi mapema, kwa upande wake, humpendelea mwenye intaneti ya kasi, mwenye uhakika wa likizo yake nusu mwaka mbele, na anayejua saa ambayo nafasi hufunguliwa. Mfanyakazi anayepangiwa zamu wiki kwa wiki, kama walivyo wengi wa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Houston na Dallas, hana uhakika wa aina hiyo. Penye viwanja 20 tu, kila utaratibu utamnyima mtu. Padre imeepukana na tatizo hilo kwa urefu wake: ufukwe wa maili 60 usiogawanywa viwanja haujai, na yule anayefika Jumamosi jioni hupata mahali ikiwa gari lake linaweza kwenda mbele. Kugawa viwanja kungekuwa ndiyo hatua ya kwanza ya kuleta uhaba, kwa kuwa kiwanja huhitaji mpaka, mpaka huhitaji msimamizi, na msimamizi huhitaji mfumo wa nafasi.

Uhuru huo hulipiwa kwa maandalizi. Maji ya kunywa sharti yabebwe yote, angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi wakati wa kiangazi, kwani ufukwe hauna mti hata mmoja wa kivuli. Mafuta ya gari hujazwa kabla ya kuingia, kwa hesabu ya kwenda na kurudi, tena juu ya mchanga unaoongeza ulaji wa mafuta. Mawimbi ya simu hudhoofika kadiri mtu anavyoelekea kusini, na gari likizama mbali, wa kulikwamua ni kampuni binafsi zinazotoza fedha nyingi. Kwa hiyo wazoefu hubeba sepetu, kamba ya kuvutia, mbao za kutanguliza chini ya magurudumu, na pampu ya kurudishia upepo baada ya kutoka. Wanapoingia hupunguza upepo wa matairi ili tairi litandazike na kuukanyaga mchanga kwa eneo kubwa zaidi, kisha hufuata ukanda wa mchanga wenye unyevu ulio juu kidogo ya mawimbi, ambao chembe zake zimeshikamanishwa na maji. Mchanga mkavu wa juu ni laini na humeza tairi, na ule unaolowa kila wimbi linapopiga humeza vilevile, hivyo njia salama ni ukanda mwembamba unaohama kwa saa. Vipande viitwavyo Kome Wadogo na Kome Wakubwa, vilivyo kusini zaidi na vyenye chembechembe za makombe badala ya mchanga laini, ndivyo vinavyokwamisha magari mengi.

Msomaji wa Zanzibar au Lamu, aliyezoea bahari inayokupwa hadi wavuvi wakatembea kwa miguu mpaka mwambani, atashangaa kuwa tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Ghuba hii kwa kawaida haifiki hata mita moja. Anayetawala hapa ni upepo. Kwa miezi mingi huvuma kutoka kusini-mashariki, na ukizidi huyasukuma maji hadi kwenye miguu ya matuta, ukaifuta kabisa njia ya magari, na aliyeko kusini akalazimika kusubiri siku nzima au zaidi kabla ya kurudi. Majira ya baridi huja upepo wa kaskazini ghafla, na joto hushuka kwa nyuzi nyingi ndani ya muda mfupi. Hema linalofaa ni fupi, lenye nguzo zinazopinda bila kuvunjika, na mlango wake hutazama upande usio na upepo. Vigingi vifupi vinavyouzwa pamoja na hema hung'oka mchangani kwa urahisi, kwa hiyo hutumika vigingi virefu na vipana, au mfuko uliojazwa mchanga na kuzikwa ukiwa umefungwa kamba ya hema. Huzikwa kina cha mkono hadi kiwiko, mahali ambapo mchanga wa chini una unyevu na uzito. Kosa la mgeni ni kulisogeza hema karibu na tuta kutafuta hifadhi ya upepo, kwani pale hukaa nyoka wenye sumu wa jamii inayotikisa mkia kwa mlio, na mizizi ya mimea inayolishika tuta hukatika kwa kukanyagwa. Miongoni mwa mimea hiyo umo mlakasa, mtambaazi wenye maua ya zambarau unaoota pia kwenye fukwe za Kenya na Tanzania na kufanya kazi ileile ya kuushika mchanga.

Jambo linalolifanya eneo hili liwe zaidi ya mahali pa mapumziko ni kasa wa Kemp, aliye mdogo kuliko kasa karibu wote wa baharini, gamba lake likiwa na urefu wa sentimeta 65 hivi na uzito wake ukiwa kati ya kilo 35 na 45. Kasa wa aina nyingine, pamoja na kasa wa kijani anayetaga Mafia na Watamu na ambaye huonekana Padre pia, kwa kawaida hupanda ufukweni usiku. Kasa wa Kemp hutaga mchana, kati ya Aprili na Julai, na hupenda siku za upepo mkali. Hutaga mayai yapatayo 100 kwa mara moja, huyafukia, huusawazisha mchanga kwa kuupigapiga kwa tumbo lake, na kurudi majini, yote kwa chini ya saa moja. Kwa kuwa ni mwepesi, alama anazoacha ni hafifu: mistari miwili ya mikwaruzo mifupi inayopishana kushoto na kulia, ambayo upepo uleule aliouchagua huifuta kwa dakika chache. Dereva anayekwenda kasi hatamwona, kwa sababu rangi ya gamba lake, kijivu cha majani makavu, hufanana na rundo la mwani uliotupwa ufukweni. Hiyo ndiyo sababu ya kikomo cha maili 15 kwa saa, sawa na kilometa 24.

Takriban kasa wote wa aina hii duniani hutaga katika jimbo la Tamaulipas nchini Mexico, hasa eneo la Rancho Nuevo. Filamu iliyopigwa hapo mwaka 1947 na Andrés Herrera ilionyesha kundi kubwa lililopanda kwa siku moja, ambalo wanasayansi waliokuja kuichunguza baadaye walilikadiria kuwa na majike 40,000. Uchukuaji wa mayai na kunaswa katika nyavu za kuburuta za wavuvi wa kamba viliwamaliza kwa kasi hata, mwaka 1985, vikahesabiwa viota 702 tu kwa msimu mzima. Kati ya mwaka 1978 na 1988 serikali za Mexico na Marekani zilijaribu kuanzisha kundi la pili huko Padre. Mayai yalitolewa Rancho Nuevo yakiwa yamefukiwa katika mchanga wa Padre, vitoto vilivyoanguliwa viliachwa vitambae kwenye ufukwe wa Padre na kuingia majini, kisha vikakamatwa kwa nyavu na kulelewa Galveston kwa karibu mwaka mmoja kabla ya kuachiliwa. Dhana ilikuwa kwamba kasa hukariri mahali alipogusana na dunia mara ya kwanza, na kwamba akikua atarudi hapo kutaga.

Jibu lilichelewa, kwa kuwa kasa huyu huchukua miaka 10 au zaidi kupevuka. Mwaka 1996 ndipo wa kwanza kati ya waliolelewa walipothibitishwa kurudi na kutaga, na mwaka 2017 pwani nzima ya Texas ilipata viota 353, idadi ambayo ingeonekana ndoto wakati mradi ulipoanza. Mtafiti Donna Shaver, aliyefika hifadhini mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa kujitolea na baadaye akauongoza mradi huo kwa miongo kadhaa, alijenga utaratibu ambao ndani yake mpiga kambi ana kazi ya kweli: doria haziwezi kuwa kila mahali kwenye maili 60, kwa hiyo viota vingine hugunduliwa na watu wa kawaida waliokaa nje ya mahema yao. Anayemwona kasa hutakiwa asimguse, awazuie watu na magari, aweke alama kando ya kiota bila kuchomeka kitu juu yake, na aarifu hifadhi mara moja, hata ikibidi amsimamishe dereva anayeelekea penye mawimbi ya simu. Mayai huhamishiwa mahali salama, na kati ya Juni na Agosti baadhi ya vitoto huachiliwa alfajiri mbele ya umma karibu na Malaquite, bila malipo. Vitoto hivyo, vyenye ukubwa wa sentimeta 4 tu na rangi ya makaa, huwekwa juu ya mchanga na kuachwa vitembee vyenyewe hadi majini, huku watu wakilinda shakwe wasivinyakue.

Bahari iyo hiyo huleta na uchafu. Mikondo miwili ya Ghuba, mmoja ukitoka kusini na mwingine kaskazini, hukutana mbele ya kisiwa, na chochote kinachoelea hutupwa pale, iwe ni chupa, kofia ngumu za wafanyakazi wa visima vya mafuta au kamba za meli. Dhoruba nayo ilizisukuma ufukweni merikebu tatu za Hispania mwezi Aprili 1554, zikiwa zimebeba fedha kutoka Veracruz, na mabaki ya mojawapo yaliharibiwa wakati wa kuchimba mfereji wa Mansfield. Mwaka 1995 Billy Sandifer, mwongozaji wa wavuvi aliyeijua pwani hiyo kuliko wengi, alianzisha siku ya kila mwaka ya kusafisha ufukwe wa Kome Wakubwa, na kazi hiyo imeendelea baada ya kifo chake. Desturi njema iliyojengeka ni kwamba kila anayetoka hutoka na mfuko wa takataka asizozileta.

Mara kwa mara husikika hoja kwamba wageni wangeongezeka kama vingejengwa vyoo, mabomba na vibanda mbele zaidi ya Malaquite. Asili ya kisiwa inaikataa hoja hiyo. Kisiwa-kinga huhama: kimbunga hukata matuta, husukuma mchanga kuelekea ghubani, na matuta mapya huanza kujengwa upya na upepo na mimea. Tarehe 25 Julai 2020 kimbunga Hanna kilitua moja kwa moja juu ya Kisiwa cha Padre. Pasipo na jengo, dhoruba ya namna hiyo huacha ufukwe ulio na sura mpya, unaofaa kupigwa kambi tena baada ya maji kutulia. Penye majengo huacha vifusi na gharama, na kwa kawaida serikali hufidia gharama hizo kwa kupandisha ada, ambazo humwondoa kwanza mtu wa kipato kidogo.

Kasoro moja ya utaratibu wa sasa ni ya kweli na inarekebishika bila sheria mpya. Mwenye gari dogo hana ufukwe wa maili 60. Ana maili 5 za mwanzo, na katika likizo za machipuko na za kiangazi maili hizo hujazwa na magari makubwa ambayo yangeweza kwenda mbele, na jenereta zao hunguruma usiku kucha kando ya mahema ya watoto. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Texas, pamoja na wageni wao watokao nyumbani, wanaombwa waende Padre wakijua hilo. Mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, mwenye maji na mafuta ya kutosha na aliyeuliza kituo cha wageni hali ya ufukwe siku hiyo, na apite kibao cha maili 5, awaachie zile za mwanzo wale wasio na njia nyingine ya kulala kando ya bahari.